Namba za Ndege za Kivita Katika Picha za Zamani: Dhana na Ukweli

Mtu akipata picha ya ndege ya kivita ya Vita Kuu ya Kwanza, jicho hukimbilia namba. Ni haki yake. Ila namba hizo zina kanuni zake, na asiyezijua hupotea huku akijiona amefika.

Dhana: herufi iliyo mbele ya namba hutaja aina ya ndege.
Kosa hili hunisumbua kuliko yote, hasa kwenye picha za ndege za Uingereza. Waingereza walianza kuhesabu mwaka 1912 kwa namba tupu. Zilipokwisha kwenye 10000, mwaka 1916, wakaanza upya na A1 hadi A9999, kisha B, kisha C, na kuendelea. N ilitengwa kwa ndege za jeshi la majini, lakini nyingi ya herufi hizo ni zamu ya hesabu tu. Sopwith Camel iliyompatia sifa rubani William Barker ilikuwa B6313. Picha ikikatwa pembeni na B ikaenda na makasi, 6313 inayobaki yaweza kuwa ya A, ya C au ya D, na hizo ni ndege nyingine kabisa.

Kwa Wafaransa mambo ni kinyume: S ni SPAD, N ni Nieuport. Huko herufi inamtaja mtengenezaji kweli. Basi jua kwanza ndege ni ya nchi gani.

Dhana: "17" katika 425/17 ni mwaka ndege ilipoundwa.
Hiyo 425/17 ndiyo ndege ya Fokker Dr.I aliyofia rubani Mjerumani Manfred von Richthofen tarehe 21 Aprili 1918. Wajerumani waliandika mwaka wa oda, si siku ndege ilipotoka kiwandani. Mwaka mpya ukiingia, hesabu ilianza tena, kwa hiyo 425 bila aina ya ndege na mwaka haitambulishi ndege yoyote.

Dhana: jina lililoandikwa ubavuni linatosha.
Ndege zilizonunuliwa kwa michango zilipewa majina ya wachangiaji. Ipo ndege ya Kiingereza F.E.2b iliyoandikwa "Zanzibar No. 1", na moyo wangu huruka kila niionapo. Lakini ndege ya namna hiyo ikipotea, jina lilihamishiwa nyingine. Picha mbili zenye jina moja zaweza kuwa za ndege mbili.

Hata usukani wa mkia uliweza kubadilishwa baada ya ajali, ukaja na namba ya ndege nyingine. Namba ikiwa pia ubavuni, zilinganishe.

Dhana: kilicho cheusi kwenye picha kilikuwa cheusi.
Filamu nyingi za wakati ule hazikuihisi rangi nyekundu. Nyekundu ilitoka nyeusi, buluu ikapauka karibu na nyeupe. Ndiyo maana namba iliyopakwa juu ya rangi fulani hufifia kabisa.

Picha moja niliisoma 8 kwa siku mbili. Orodha ya namba za ndege zilizotolewa ikakataa: namba ile iliangukia kundi la ndege za watu wawili, na hii mbele yangu ilikuwa na kiti kimoja. Nikarudi na kioo cha kukuzia. Waya wa kushikilia mkia ulipita mbele ya 3, ukaifunga midomo yake yote miwili.