Masizi huungua, majivu hubaki: kuhusu chujio la moshi la pikapu ya dizeli

Mwezi uliopita ililetwa gerejini kwangu, hapa Dar es Salaam, pikapu ya dizeli ambayo chujio lake la moshi lilikuwa limekwisha kuoshwa mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Kila lilipooshwa, gari lilikwenda vizuri kwa wiki kadhaa, kisha taa ya chujio ikawaka, kompyuta ikapunguza nguvu ya injini, na mwenye gari, mzee anayesambaza vifaa vya ujenzi kati ya Kigamboni na Kariakoo, akajikuta anapanda kilima kidogo kwa gia ya pili. Alipofika kwangu alikuwa ameshauriwa alitoboe chujio ili moshi upite bila kuchujwa. Nilimwomba anipe siku mbili kabla hatujashika msumeno, na katika siku hizo nilibaini kwamba waliolisafisha hawakukosea namna ya kuosha, bali hawakuuliza ni kitu gani kilikuwa kinalichafua kwa kasi ile.

Chujio hili, ambalo mafundi wengi tunalitaja kwa herufi zake tatu, DPF, ni mkebe wa chuma wenye kauri ndani yake, na kauri hiyo imejaa vijia vyembamba mfano wa sega la nyuki. Kinacholitofautisha na katalisti ya kawaida (kifaa cha njia ya moshi kinachopunguza sumu yake) ni kwamba kila kijia kimezibwa upande mmoja: kilicho wazi upande wa injini kimezibwa upande wa nje, na jirani yake ni kinyume chake. Moshi ukishaingia hauna pa kutokea isipokuwa kupenya ukuta wa kauri wenyewe, na masizi hunaswa hapo. Barani Ulaya kiwango cha Euro 5, kilichoanza kutumika mwaka 2009, kilishusha chembechembe za magari madogo ya dizeli hadi miligramu 5 kwa kilomita, na tangu hapo imekuwa vigumu kutengeneza dizeli ya soko lile bila chujio. Magari hayo yakishazeeka huko, mengi huja kwetu.

Masizi ni kaboni, na kaboni huungua. Gari likiwa barabara kuu na mzigo mgongoni, moshi hupata joto la nyuzi 250 hadi 400, na hapo naitrojeni dioksidi inayotengenezwa kwenye katalisti iliyotangulia huyaunguza masizi polepole bila dereva kujua. Katika foleni joto hilo halipatikani. Kompyuta ikiona masizi yamefika kiwango ilichowekewa, huongeza dizeli kidogo baada ya mlipuko mkuu wa silinda, au, katika baadhi ya pikapu za Kijapani, kupitia nozo (kinyunyizia mafuta) ya ziada iliyofungwa kwenye ekzosi yenyewe, ili dizeli hiyo ikaungulie kwenye katalisti na kupandisha joto la chujio hadi kama nyuzi 600. Kazi hiyo huchukua dakika 15 hadi 30 hivi, na wakati huo sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, hupanda kidogo, feni huzunguka kwa nguvu, na pengine husikika harufu ya kitu kinachoungua. Madereva wengi huogopa harufu hiyo na kuzima gari, nayo ndiyo saa mbaya kuliko zote ya kulizima.

Majivu ni jambo jingine. Yanatokana zaidi na viungo vya oili ya injini, kama vile kalisi, zinki na magnesi, ambavyo huwekwa humo kulinda vyuma na kuzuia asidi. Injini yoyote hula oili kidogo, na viungo hivyo vikishapita kwenye moto hubaki vikiwa unga wa kijivu usioungua kwa joto lolote ambalo chujio linaweza kulistahimili. Kwa hiyo mtu anayelazimisha uchomaji kwa kompyuta mara ya nne au ya tano katika chujio lililojaa majivu anapoteza dizeli na kuichosha bure tabo, ile pampu inayosukuma hewa ndani ya injini. Majivu hutolewa kwa mkono wa fundi tu, chujio likiwa limefunguliwa.

Kabla ya kufungua chochote, mimi huanza na sensa ya presha, ile yenye mipira miwili inayotoka mbele na nyuma ya chujio. Ukiwasha swichi bila kuwasha injini, ni lazima isome sifuri, kwa sababu hakuna moshi unaopita. Ikisoma kitu kingine, sensa hiyo inaidanganya kompyuta, na huenda chujio halina kosa. Injini ikiwa sailensa na chujio likiwa safi, usomaji huwa chini ya kilopaskali 1, na hupanda kadiri unavyokanyaga mafuta. Nimewahi kukuta mpira mmoja umepasuka mahali panapogusana na chuma cha moto, ufa mdogo usioonekana mpaka uukunje kwa vidole, na mwenye gari alikuwa amekwisha kununua chujio jingine la mtumba.

Katika pikapu ya mzee sensa ilikuwa nzima, na chujio lilikuwa limejaa kweli. Nilipopuliza hewa kwenye njia ya tabo huku mwanafunzi wangu akinyunyiza maji ya sabuni, povu lilichemka kwenye mpira wa interkula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo), upande wa chini ambao jicho haliufikii. Tabo ilikuwa inasukuma hewa, nusu yake inaishia njiani, na dizeli iliyokosa hewa ya kutosha ilikuwa inageuka masizi. Nozo zinazovuja na valvu ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini) iliyokwama ikiwa wazi huleta matokeo yale yale. Mpira mpya ulikuwa na bei ndogo kuliko mara moja tu ya zile alizolipia kuoshewa.

Baada ya hapo ndipo tulipolisafisha. Huwa nalipima kwanza kwa mizani, kisha naingiza waya mwembamba katika vijia kadhaa vya upande wa injini. Waya ukigota mapema kabla ya kufika mwisho, urefu uliobaki ndio kina cha majivu yaliyoshindiliwa. Upande wa nje nao una habari zake: kauri ya pale inapaswa kuwa safi, na ukiona weusi wa masizi, ujue kuna ufa ndani na kuosha hakutasaidia. Ikiwa ni nzima, hewa kavu hupulizwa kutoka upande wa nje kurudi upande wa injini, kinyume na njia ya moshi, ndani ya kabati lenye mfuko wa kunasa vumbi. Unga ule una metali, haufai kuvutwa puani, na sikubali mtu aupulizie uani pasipo barakoa. Majivu yakigoma, chujio huokwa tanuruni kwa saa kadhaa na kupulizwa tena, au husukutuliwa kwa maji ya moto yenye dawa yake na kukaushwa kabisa. Mashine ya kuoshea magari yenye presha kali haifai hata kidogo, kwa kuwa hubandua tabaka la katalisti na kulegeza mkeka unaoishikilia kauri. Mwishoni chujio hurudi kwenye mizani, kwa sababu rangi ya maji yaliyotoka haithibitishi kitu.

Likisharudishwa garini, kompyuta iambiwe kwamba majivu yameondolewa. Kompyuta huyakadiria kwa umbali na matumizi ya mafuta, haiyaoni, na usipoifutia hesabu ya zamani itaendelea kulitendea chujio safi kana kwamba limejaa.

Kuhusu kutoboa, nitasema waziwazi kwamba sifanyi. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, na wanaouvuta ni wauza maji na madereva wa bodaboda waliosimama nyuma ya bomba lako. Zaidi ya hayo, mpira wa interkula uliopasuka ungebaki umepasuka vile vile, ila sasa bila taa ya kukuonya.

Mzee nilimpa maagizo mawili. La kwanza ni oili: atumie ile yenye majivu machache, iliyoandikwa alama ya ACEA C3, kiwango cha oili cha watengenezaji magari wa Ulaya, au nyingine inayotajwa katika kitabu cha gari lake, hata kama muuzaji atamwambia oili ya malori ni nzito zaidi. Vilevile aitazame stiki ya kupimia oili kila wiki, kwa maana uchomaji unaokatizwa mara kwa mara huacha dizeli iteremke kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Oili inayoongezeka yenyewe na kunuka dizeli imekwisha kupoteza uwezo wa kulinda injini, na ni lazima imwagwe hata kama kilomita zake hazijatimia. La pili ni safari: mara moja kila wiki au mbili, akiwa na mzigo, atoke mpaka Mlandizi au Chalinze bila kuzimazima, akitunza mizunguko ya injini juu kidogo ya 2,000. Dizeli yetu katika Afrika Mashariki imeruhusiwa salfa ya sehemu 50 kwa milioni tangu mwaka 2015, ilhali Ulaya ni 10, kwa hiyo katalisti zetu zina kazi ngumu zaidi, na mafuta ya vidumu yaliyochanganywa na mafuta ya taa huzidisha taabu.

Juzi alipita kuniletea gari nilitazame. Kwenye sailensa sensa ilisoma kilopaskali 0.4, na kidole nilichopitisha ndani ya mdomo wa ekzosi kilitoka kikavu, bila doa jeusi.