Je, kiluwiluwi wa chura anajuaje kwamba dimbwi linakauka?

Jibu linalokuja haraka ni jua. Maji yakipungua hupata joto, joto huharakisha ukuaji, basi kiluwiluwi anaota miguu mapema. Ni kweli kwamba kwenye maji ya uvuguvugu hukua upesi kuliko kwenye ya baridi, na ndiyo maana kosa hili ni gumu kung'oka. Lakini joto likibaki lilelile na maji yakapungua, bado huharakisha.

Hilo lilionekana kwa Spea hammondii, chura mchimbaji wa California mwenye gamba gumu kama jembe kwenye kila mguu wa nyuma, anayetaga katika madimbwi ya mvua. Mwaka 1998 mwanabiolojia Robert Denver na wenzake walichapisha majaribio ya maabara: viluwiluwi waliopunguziwa maji waliwahi kugeuka vyura, na si joto, si kukolea kwa uchafu, si kubanana kulikoeleza kasi ile. Ushahidi ulielekea kwenye nafasi ya kuogelea, na pengine ukaribu wa uso wa maji. Waliporudishiwa maji, walipunguza kasi ya kugeuka.

Jaribio kama hili huharibika kirahisi. Beseni lenye maji machache likikaa juani hupata joto kabla ya lenzake lenye maji mengi, na umeshapima jua badala ya kina. Mabeseni yote mawili yakae chumba kimoja, yapimwe joto asubuhi na mchana. Ukichota maji kwenye moja, chota na kwenye la pili kisha uyarudishe, maana kule kukorogwa peke yake kunawashtua viluwiluwi.

Ndani ya mwili, mambo huanzia kwenye ubongo, unaotoa homoni ya CRH. Kwetu binadamu homoni hii huamsha tezi za juu ya figo wakati wa msukosuko. Kwa kiluwiluwi huamsha hizo pamoja na tezi ya thairoidi, na uzuri wote uko hapo.

Thairoidi hutoa zaidi homoni iitwayo T4, yenye atomi 4 za ayodini. Ichukulie kama mpunga: chakula kimo, ila ganda halijatoka. Kimeng'enya ndani ya seli huondoa atomi moja, ikabaki T3. Huo sasa ni mchele, na ndio unaoamuru miguu iote na mkia uyeyuke. Tezi za juu ya figo nazo hutoa homoni ya kotikosteroni, ambayo kazi yake ni kama kuongeza mashine za kukoboa. Mpunga uleule hutoa mchele mwingi kwa muda mfupi. Mashine bila mpunga hazina faida, ndiyo maana kwa kiluwiluwi mchanga mno, ambaye thairoidi yake haijaanza kazi vizuri, kotikosteroni humdumaza tu. Dimbwi likikauka wakati huo, hufa.

Si kila aina ya chura ina uwezo huu. Hata wenye nao hufika mahali pasiporudika: mkia ukishaanza kusinyaa, utumbo hufupika, mdomo hubadilika na kula husimama. Mvua ikinyesha siku hiyo, haimrudishi nyuma. Atatoka akiwa mdogo, na mafuta kidogo mwilini, kisha atafute udongo laini wa kujifukia.