Makamu Mkuu wa Chuo si msaidizi wa mtu

Alikuja baba mmoja kutoka Singida na bahasha ya kaki iliyochakaa pembeni. Ndani mlikuwa na nakala ya barua ya binti yake, imeandikwa kwa mkono ulionyooka, "YAH: RUFAA YA MATOKEO YA SOMO". Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa mstari wa anwani: "Kwa Mkuu wa Chuo". Barua ilipofika masjala, karani aliiweka kwenye jalada la barua za Mkuu wa Chuo, na huko ikalala. Mkuu wa Chuo hana meza pale. Huja kwa mahafali. Muda wa rufaa ukapita na binti akarudia mwaka.

Nilimuuliza mzee kwa nini hawakumwandikia Makamu Mkuu kwa kupitia kwa mkuu wa idara. Akajibu kwa upole: "Mwanangu, kwa nini nimwandikie makamu wakati mwenyewe yupo?"

Nimekaa kwenye ofisi za utawala wa chuo kikuu zaidi ya miaka 20, na siku hizi kazi yangu ni kusaidia wazazi na wanafunzi kuandika rufaa na kufuatilia vyeti. Kauli hiyo ya mzee nimeisikia kwa wakulima, kwa walimu, kwa mawakili, hata kwa waandishi wa habari wanaopaswa kujua. Leo naijibu kwa urefu, maana inawaumiza watu.

Makamu Mkuu wa Chuo ndiye anayeendesha chuo kikuu. Ndiye mtendaji mkuu, ndiye mwenyekiti wa Seneti, chombo kinachosimamia taaluma, na ndiye anayewajibika mbele ya Baraza la Chuo kwa fedha, wafanyakazi na taaluma. Mkuu wa Chuo ni kiongozi wa heshima: anaongoza mahafali, anatunuku shahada, jina lake linakipa chuo hadhi. Ana mamlaka yake aliyopewa kisheria, lakini haendeshi chuo siku kwa siku. Makamu hamngojei mtu arudi safari ndipo aweke sahihi.

Mkanganyiko una sababu, na sababu yenyewe iko kwenye lugha yetu. Kwenye chuo cha ualimu, chuo cha ufundi au chuo cha biashara, Mkuu wa Chuo ndiye anayeshika funguo. Ndiye anayesaini ruhusa, anayemwita mzazi, anayefukuza na kurudisha. Mzazi aliyesomesha mtoto wa kwanza ngazi ya stashahada huko anakuja chuo kikuu na mtoto wa pili, anakuta cheo chenye jina lilelile, anadhani ni mtu wa kazi ileile. Ongeza neno "makamu". Makamu wa Rais ni wa pili kwa Rais, makamu mwenyekiti ni wa pili kwa mwenyekiti. Kwa mantiki hiyo mzee wa Singida hakukosea hata kidogo. Aliyekosea ni yule aliyemwachia fomu ya kujiunga isiyoeleza nani ni nani.

Kenya nako hakuna nafuu. Mkuu wa Chuo huko ni "Chansela", na magazeti humwita Makamu Mkuu "Naibu Chansela", na msaidizi wake anakuwa "Naibu wa Naibu Chansela". Msomaji asiyejua atadhani anaowasoma ni watu wa ngazi ya tatu na ya nne, kumbe wa kwanza kati yao ndiye mwenye chuo mkononi.

Cheo cha Makamu Mkuu tulikirithi kutoka Uingereza, ambako kwa karne nyingi Chansela alikuwa mtu mkubwa asiyekaa chuoni na makamu wake akabaki akifanya kazi zote. Jina likabaki, kazi ikahama. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961 chini ya Chuo Kikuu cha London, kikianza na kitivo cha sheria katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kiongozi wake hakuitwa Makamu Mkuu. Aliitwa kwa Kiingereza "Principal", cheo ambacho leo tunakiita Rasi, na wa kwanza alikuwa Cranford Pratt, kisha Wilbert Chagula. Mwaka 1963 Dar, Makerere na Nairobi viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Mwalimu Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo, na Makamu Mkuu akawa mmoja kwa vyuo vyote vitatu. Ndipo Julai 1970 muungano ule ukavunjwa, Dar kikawa chuo kikuu kamili, na Pius Msekwa akawa Makamu Mkuu wake wa kwanza.

Ukitaka kujua nani alikuwa na chuo, angalia Julai 1971. Wanafunzi wa Mlimani, yaani chuo hicho cha Dar, walipochoshwa na uendeshaji wa chuo, malalamiko yao yalimlenga Msekwa. Kiongozi wao, Symonds Akivaga, alikamatwa na kurudishwa kwao Kenya. Mkuu wa Chuo wakati huo alikuwa Rais wa nchi mwenyewe, lakini vijana wale walijua kabisa mlango wa kugonga ni upi. Wazazi wa leo wanastahili kuambiwa waziwazi kile ambacho wanafunzi wale walikijua.

Ushauri wangu ambao siuachi: barua ya mwanafunzi iende "Kwa Makamu Mkuu wa Chuo", chini yake "Kupitia kwa Amidi", yaani mkuu wa kitivo, chini yake tena "Kupitia kwa Mkuu wa Idara", na namba ya usajili ikae juu kabisa, si mwishoni. Peleka kwa mkono idarani, gongesha muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, uandike tarehe. Nakala yenye muhuri imewaokoa wanafunzi wengi kuliko barua yoyote yenye maneno matamu. Na usimwandikie Baraza la Chuo kuhusu alama za mtihani. Matokeo yanapita Seneti. Baraza lina mambo ya rasilimali, ajira na sera.

Dhana nyingine potofu nitazipitia haraka.

Kwamba Rais wa nchi ndiye Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: ilikuwa hivyo enzi za Nyerere. Baadaye kiti hicho akakishika Paul Bomani, kisha Fulgence Kazaura, wala hawakuwa marais. Jakaya Kikwete aliteuliwa mwaka 2016, akiwa ameshatoka Ikulu. Nairobi na Makerere nako marais waliachia nafasi hiyo mwaka 2003.

Kwamba Makamu Mkuu sharti awe profesa tangu zamani: Msekwa alitoka kwenye ukatibu mtendaji wa TANU, Ibrahim Kaduma aliyemfuata alikuwa ametoka kwenye uwaziri wa mambo ya nje, na Nicholas Kuhanga naye alikuwa waziri. Desturi ya kumweka mwanataaluma ilishika mizizi kuanzia Geoffrey Mmari mwaka 1988, ambaye kabla ya hapo aliongoza Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilipozaliwa mwaka 1984.

Kwamba Rasi ni cheo kipya cha kujitukuza: ni jina la kiongozi wa ndaki, yaani sehemu kubwa ya chuo kikuu yenye idara zake, na yuko chini ya Makamu Mkuu. Mkanganyiko unatokana na kwamba neno lake la Kiingereza ndilo alilotumia Pratt mwaka 1961 akiwa kiongozi wa chuo chote. Neno moja, ngazi mbili.

Hilo la mwisho lina madhara ya kweli kwenye vyeti. Muhimbili ilikuwa chuo kishiriki cha Dar es Salaam tangu 1991, ikiongozwa na "Principal" na si Makamu Mkuu, na ikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Ardhi vilevile, 2007. Daktari aliyehitimu Muhimbili mwaka 2003 ana shahada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ndivyo cheti kinavyosomeka. Nimeona mwajiri akikikataa cheti cha namna hiyo kwa kudai ni cha kughushi, eti "Muhimbili ina Makamu Mkuu wake, jina lake liko wapi?" Cheti ni halali. Mwombe mwajiri aandike barua ya uhakiki kwa chuo kilichotajwa juu ya cheti, aambatishe nakala iliyothibitishwa na wakili, na wewe ubaki na nakala ya barua hiyo.