Kwa nini kona ya faiba hujifunga ikipoa

Mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea hapa Arusha, fundi wa gereji moja aliniletea kifuniko cha paa la gari la watalii alichokitengeneza kwa faiba (nyuzi za kioo) na resini ya poliesta, ile gundi ya majimaji inayoganda. Kona ya kalibu yake ilikuwa digrii 90 kamili, niliipima mwenyewe, lakini ya kifuniko ilisoma 89. Alimlaumu kijana aliyechanganya resini. Kijana hakuwa na kosa.

Nyuzi za kioo zimelala kufuata urefu na upana wa bamba, kwa hiyo huizuia resini isinywee kuelekea huko; kwenye unene hakuna uzi unaoizuia, na huko ndiko inakonywea zaidi. Bamba likiwa bapa huwezi kuliona jambo hilo, kwa kuwa umbo linabaki lilelile. Kwenye mkunjo, tao la nje ni refu kuliko la ndani, na tofauti ya urefu wao ukiigawa kwa unene unapata pembe ya mkunjo. Sasa matao yakibaki na urefu wake huku unene ukipungua, mkunjo hauna budi kuongezeka, na kona ikajifunga.

Chukua bamba la nyuzi za kaboni na resini ya epoksi, lililookwa kwa nyuzi joto 180 na kupozwa hadi 20. Ikiwa unene hunywea kuliko urefu kwa sehemu 50 katika milioni kwa kila nyuzi joto moja, kona ya digrii 90 itajifunga kwa digrii 0.72, na ncha ya ukingo wa sentimita 40 itasogea milimita 5. Poliesta yetu haiokwi, ila hunywea sana inapoganda, basi matokeo yanakaribiana.

Maji hufanya kinyume. Yakipenya kwenye resini huivimbisha, na uvimbe huo nao huelekea kwenye unene: ukifika asilimia 0.3, kona hufunguka kwa takriban robo ya digrii. Hayaingii haraka, kwani bamba nene mara mbili huhitaji muda mara nne, ingawa joto huyaharakisha.

Kilichonitia wasiwasi ni kwamba fundi alikusudia kuivuta ile digrii moja kwa bolti. Kona inayofunguliwa kwa nguvu huvuta tabaka zake ziachane katikati ya mkunjo, mahali ambapo hakuna uzi unaovuka, bali resini peke yake. Na resini iliyokunywa maji kisha ikapigwa na jua la mbugani hulegea. Nilimwomba kifuniko chake cha zamani, kilichofungwa kwa mtindo huohuo, nikakigonga kwa sarafu. Kwenye ubapa sarafu ililia kwa sauti kali. Nilipofika kwenye mkunjo ikatoa sauti butu, kama ya kugonga debe lililojaa mchanga, kwa urefu wa kiganja kizima.

Kalibu mpya tuliichonga kwa digrii 91.