Barabara kuu ya jimbo nchini Marekani: mfano wa Nevada 375

Barabara kuu ya jimbo ni ile iliyopewa namba na serikali ya jimbo, ambayo pia ndiyo huitunza. Upana wake au wingi wa magari si hoja. Barabara ya kitaifa kama US 6 hubeba namba moja jimbo baada ya jimbo, ingawa kila jimbo hutengeneza kipande chake. Namba ya barabara ya jimbo hukomea mpakani. Ngazi ya chini yake ni barabara za kaunti, ambazo vijijini nyingi ni za vumbi.

Tuchukue Nevada 375. Inaanzia Crystal Springs, hatua chache kutoka US 93, inapanda Hancock Summit, inakata bonde la Tikaboo kwa mstari ulionyooka mpaka macho yanachoka, kisha inaendelea kaskazini-magharibi hadi Warm Springs, inakoungana na US 6. Jumla ni kama kilomita 158, na katikati kuna makazi mamoja tu, Rachel, yaliyoanza miaka ya 1970 jirani na mgodi wa madini ya tungsteni na yenye watu wasiofika mia.

Kwa nini jimbo lihangaike na njia tupu hivyo? Kwa maoni yangu ni kwa sababu inaunganisha barabara mbili za masafa marefu, na kaunti za huku zina ardhi kubwa lakini walipa kodi wachache.

Zamani haikuwa 375. Ilikuwa sehemu ya Barabara ya Jimbo 25, iliyofika mashariki hadi mpaka wa Utah. Mwaka 1976 Nevada ilianza kupanga namba upya, na vipande vya njia hiyo vikagawiwa namba tofauti.

Umaarufu ulikuja baadaye. Kusini mwa barabara hii, Groom Lake, kuna kituo cha kijeshi kiitwacho Area 51, ambako ndege ya upelelezi ya U-2 ilijaribiwa kuanzia 1955. Usiri ukazaa hadithi za visahani virukavyo, yaani vyombo vya viumbe wa anga za mbali, na mwaka 1996, Bob Miller akiwa gavana, jimbo likaipa 375 jina la Barabara ya Viumbe wa Anga za Mbali. Lengo lilikuwa watalii, wala halikufichwa.

Watalii hao wajaze tangi mapema: Rachel hakuna kituo cha mafuta. Usiku waendeshe polepole, maana ng'ombe huku huachiwa wazurure bila uzio, hata juu ya lami.