641 na sado ya dagaa

Jumamosi nilikuwa Soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, nasubiri dagaa. Mama ninayenunua kwake alijaza sado, akaitikisa, ikashuka kidogo, akaongeza kiganja. Mimi nikawa namuwaza mwanahisabati Fermat. Walimu wa hesabu ndivyo tulivyo, mtuvumilie.

Chukua 3. Toa 1, jibu lizidishe kwa lenyewe, kisha ongeza 1: unapata 5. Ifanyie 5 vivyo hivyo, unapata 17, halafu 257, halafu 65,537. Zote ni namba tasa. Inayofuata ni 4,294,967,297, yaani 2³² ukiongeza 1. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, Ufaransa, aliamini kwamba na hiyo ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler akaonyesha kuwa inagawanyika kwa 641.

Alifikaje hapo? Ukitaka kujaribu kila namba tasa isiyozidi kipeuo chake cha pili, zinakusubiri 6,542. Lakini Euler baadaye alithibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawanya kwa 64, lazima kibakize 1. Chuja kwa sharti hilo uone tano za kwanza zinazobaki: 193, 257, 449, 577, 641. Jaribio la tano tu!

Mimi kugawanya kwa mkono kuliniaibisha. Siku moja nilifanya nyuma ya risiti, nikanakili 9 kama 4, nikapata baki, na kwa nusu saa nzima nikaamini Euler ndiye kakosea. Tangu hapo natumia njia ya sado.

Tuseme sado inajaa kwa dagaa 641 kamili. Ukiwa na 640, umepungukiwa 1. Sasa 640 ni 5 × 2⁷. Pungufu 1 mara pungufu 1 ni ziada 1, kwa hiyo 640 ikizidishwa yenyewe mara nne, yaani 5⁴ × 2²⁸, inajaza sado kadhaa na kubakiza dagaa 1.

Subiri, utamu uko hapa. 5⁴ ni 625, pungufu 16 kufikia sado. Na 16 ni 2⁴. Basi mahali pa 5⁴ weka "pungufu 2⁴", kisha zidisha kwa 2²⁸: unapata pungufu 2³². Hesabu ni ile ile, kwa hiyo kupungukiwa 2³² ni sawa na kubakiwa na 1. Ongeza 2³² kote kote: upande mmoja hakuna upungufu tena, upande wa pili una 2³² + 1. Sado zimejaa, hakuna dagaa aliyebaki.

Sado zenyewe ni 6,700,417, na hiyo nayo ni tasa. Namba tasa nyingine ya ukoo huu, baada ya 65,537, haijapatikana hadi leo.

Nilimweleza mama. Akanitazama, akafunga mfuko. "Mwalimu, wewe umechukua sado mbili. Lipa."