Joto halirithiwi

Ujumbe wa sauti uliniingilia usiku wa kuamkia safari. Baba mmoja wa hapa Houston, mtu ninayemheshimu sana, alikuwa anajibu fomu ya afya niliyomrudishia kwa sababu aliijaza nusu. "Dada, usijisumbue bwana. Sisi watu wa Pwani. Huyu damu yake ya Tanga, joto litamfanya nini? Waangalie hao watoto wa Kizungu."

Nilikuwa nimetandaza mkoba wa dawa mezani, nahesabu pakiti za ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini. Huu ni mwaka wa sita naenda na kundi letu la skauti kambini kama nesi wa kujitolea, na maneno hayo nimeyasikia kila mwaka, kwa Wakenya, kwa Wakongo, kwa ndugu zangu wa Tanga wenyewe. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja.

Mwili hujifunza joto kwa kukaa ndani yake na kufanya kazi ndani yake, siku baada ya siku. Hakuna njia nyingine. Siku za mwanzo maji ya damu huongezeka, moyo ukapata kitu cha kusukuma bila kwenda mbio. Kisha jasho linaanza kutoka mapema zaidi, linakuwa jingi, na chumvi inapungua ndani yake kwa sababu mwili umejua kuibana. Kazi hiyo huchukua siku 10 hadi 14. Na haidumu: ukirudi kwenye kiyoyozi, wiki tatu au nne zinatosha kufuta karibu yote. Mwili haukumbuki kwamba bibi alikuwa analima Muheza.

Sasa mtazame mtoto wetu. Kazaliwa Texas. Analala kwenye kiyoyozi, shule kiyoyozi, gari kiyoyozi, msikitini au kanisani kiyoyozi. Likizo imeanza na yeye yuko ndani na simu yake. Jumapili mchana anashushwa kambini kwenye nyuzi 37 na fukuto, na jasho lake lina chumvi ile ile ya mtoto yeyote aliyekulia ndani. Mtoto wa Kizungu wa mfugaji wa huko mashambani, ambaye tangu Mei anashinda nje na ng'ombe, anamzidi mara kadhaa. Huyo hanitii wasiwasi kama wako. Weusi wa ngozi unamkinga asiungue na jua, ni kweli, lakini joto linalompeleka hospitali linatengenezwa na misuli yake mwenyewe: karibu robo tatu ya nguvu anayotumia kupiga makasia hugeuka joto humo humo ndani.

Halafu tusidanganyane kuhusu hilo joto la kwetu. Tanga na Mombasa, Februari na Machi, mchana ni nyuzi 32, 33, na upepo wa bahari upo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, watu wanavaa sweta. Mtu anayeniambia kazoea joto mara nyingi hajawahi kukaa wiki nzima kwenye nyuzi 38 mpaka alipokuja huku. Na wazee wetu waliozoea kweli walikuwa na adabu na jua. Shambani walikwenda alfajiri, adhuhuri ikiwakuta chini ya mwembe. Kambini adhuhuri ndiyo saa ya kutembea maili moja kutoka bwalo la chakula hadi ziwani, na begi mgongoni.

Shirika la serikali ya Marekani linalosimamia usalama kazini, OSHA, linaeleza kwamba karibu nusu ya vifo vya wafanyakazi kwa joto hutokea siku ya kwanza kabisa kazini, na zaidi ya asilimia 70 ndani ya wiki ya kwanza. Isome tena hiyo, kisha ufikirie kambi ya skauti: Jumapili mpaka Jumamosi. Wiki inakwisha mwili ukiwa ndio kwanza unaanza kuelewa, na tunafunga mahema. Ndiyo maana kila Juni nawaomba wazazi: wiki mbili kabla, mtoto atoke nje kila jioni, atembee, aendeshe baiskeli, atoke jasho saa moja. Mwaka huu familia mbili zimefanya. Kati ya ishirini na moja.

Wala mtoto hahitaji kukimbia ndipo azidiwe. Julai 2005, kwenye jambori (mkusanyiko mkubwa wa skauti) ya taifa ya Marekani huko Fort A.P. Hill, Virginia, watu wapatao 300 waliugua wakiwa wanamsubiri Rais Bush uwanjani juani. Agosti 2023 jambori ya dunia ilifanyika Saemangeum, Korea Kusini, kwenye ardhi iliyochukuliwa kutoka baharini, tambarare isiyo na kivuli cha miti, skauti wapatao 43,000. Mamia walitibiwa kwa joto siku za mwanzo. Waingereza na Wamarekani wakaondoka mapema, na wengine wote wakahamishwa tarehe 8 kwa sababu ya kimbunga. Mle mlikuwa na watoto kutoka kila pembe ya dunia. Joto halikumwuliza mtu kabila.

Kingine kinachonikera ni watu kutazama nyuzi kwenye simu na kuamua. Simu inakupa joto la kivulini. Sisi tunatumia kipimo chenye vipimajoto vitatu: kimoja kimefungwa kitambaa kibichi, kimoja kiko ndani ya tufe jeusi, kimoja kikavu. Kile cha kitambaa kibichi hubeba asilimia 70 ya jibu, tufe 20, kikavu 10. Kipimo hiki kilitokana na kambi ya wanamaji wa Marekani kule Parris Island miaka ya 1950, vijana walipokuwa wanaanguka kwenye mazoezi. Uzito wote uko kwenye unyevu kwa sababu jasho linalodondoka chini halikupozi hata kidogo. Linalokauka mwilini ndilo linalopoza, na kwenye fukuto halikauki. Jibu likifika 32.2 tunapandisha bendera nyeusi na shughuli zote za nguvu zinasimama. Wapo wazazi wanaolalamika kwamba mtoto amekosa beji kwa ajili ya bendera. Sawa, amekosa beji.

Mwaka juzi, Jumanne saa tisa alasiri, bendera ilikuwa nyekundu, bado haijawa nyeusi. Kiongozi wa kikosi, kijana wa miaka 16, alinijia mbio akasema mwenzake "anajibu ovyo". Nilimkuta mvulana wa miaka 13 amekaa kwenye benchi, skafu bado iko shingoni, shati limeloa jasho chapachapa. Wazazi wake ni wa kwetu. Vitabu vingi vimewafundisha watu kutafuta ngozi nyekundu na kavu. Ngozi yetu haiwi nyekundu hivyo, na ngozi kavu ni zaidi ya mzee aliyefungiwa ndani kwenye nyumba ya moto. Mtoto aliyekuwa anapiga makasia anaweza kuwa anakaribia kufa huku jasho linamchuruzika. Nikamwuliza leo siku gani. Alinitazama muda, akasema, "Viatu."

Basi. Joto la ndani likipita nyuzi 40 na akili ikayumba, hicho ni kiharusi cha joto, na kila dakika ina bei. Mmoja alipiga 911. Tulivuta turubai la bluu lililokuwa limefunika kuni, tukamlaza katikati, watu sita wakashika kingo zikawa kama beseni. Maji ya ndoo, barafu yote ya kreti za vinywaji, barafu ya jikoni. Mimi nilikaa nyuma yake nimempitisha mikono kwapani ili kichwa kisizame, na wale sita wakawa wanalitikisa turubai maji yazunguke, kwa sababu maji yaliyotulia hujipasha moto yanapogusa ngozi. Alipiga kelele. Nilifurahi alipopiga kelele.

Mama mmoja wa kwetu alikuwa pembeni analia: "Mtoeni! Atapata kichomi!" Simlaumu, nami nimelelewa hivyo hivyo, ukiwa na joto usiguse maji baridi. Lakini kichomi huletwa na vijidudu, hakiletwi na barafu. Kwenye mbio za Falmouth, Massachusetts, ambazo hukimbiwa kila Agosti, madaktari walihesabu wakimbiaji 274 waliopata kiharusi cha joto katika miaka 18, wakawatia kwenye maji ya barafu, na wote 274 waliishi. Maji ya barafu hushusha nyuzi moja kwa dakika tano hivi. Kitambaa cha maji kwenye paji la uso ni cha kumfariji mama. Na kumpakia kwenye gari umkimbize hospitali akiwa bado anachemka ni kumpika njiani. Poza kwanza, safari baadaye.

Mwingine alikuja na Panadol. Naomba hili lieleweke. Kwenye malaria ubongo wenyewe ndio umeamuru joto lipande, na Panadol inaifuta amri hiyo. Kwenye kiharusi cha joto hakuna amri ya kufuta. Homa ni mwenye nyumba kaongeza kuni jikoni. Hii ni nyumba inaungua. Isitoshe ini limeshaumia, unaliongezea kazi.

Dakika ya kumi na mbili nilimwuliza tena. "Jumanne," akasema, "na kiatu changu kimoja kimebaki kwenye mtumbwi." Ambulensi ilifika baada ya hapo. Alilala hospitali siku mbili, ini likapimwa na kupimwa tena, akatoka salama.

Joto lake la ndani lilikuwa nyuzi ngapi? Sijui, na sitajua. Vitabu vinasema kipimo cha kuaminika ni cha njia ya haja kubwa. Cha paji la uso na cha kwapa hudanganya mtu akishatoka jasho, na ni kweli. Lakini vitabu havikai kwenye benchi la kambi na mtoto wa mtu, mbele ya wenzake ishirini, penye kanuni za kumlinda ambazo mimi mwenyewe nazitetea. Niliegemea neno "viatu". Ningekosea, kosa lingekuwa kumlowesha mtoto mzima, na hilo nalibeba.

Shaka ya pili inaninyima usingizi zaidi. Tumewaimbia watoto "kunyweni, kunyweni" mpaka wapo wanaokunywa lita baada ya lita ya maji matupu na hawali, kwa sababu joto limeua hamu ya chakula. Chumvi ya damu inashuka. Kichwa kinauma, anatapika, anachanganyikiwa: dalili zile zile. Bila kupima damu, nikiwa hemani saa nne usiku, siwezi kuapa ni ipi. Nauliza amekunywa chupa ngapi, amekojoa lini, natazama kama kamba ya saa imembana mkononi kwa kuvimba. Nikishuku ni maji, nasimamisha maji, nampa supu ya chumvi au maji ya achari ya matango, ambayo watoto wa Texas wanayapenda kwelikweli. Akili ikiyumba, naita ambulensi bila kusubiri kujua.

Kwa hiyo fomu ile haijazwi kwa kuniridhisha mimi. Dawa za mzio zile zinazoleta usingizi hupunguza jasho. Dawa za umakini, wanazopewa watoto wasiotulia, huongeza joto la mwili. Mtoto aliyeharisha juzi asiende bila kuniambia. Na kuna swali la selimundu, ambalo wengi wetu tunaliruka. Mtoto aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu haumwi, anacheza mpira kama wenzake, ila akijitutumua sana kwenye joto misuli yake huvunjika kwa urahisi zaidi. Uchunguzi wa wanajeshi weusi wa Marekani uliochapishwa 2016 ulionyesha hivyo. Ulionyesha pia kwamba hawafi zaidi ya wenzao, kwa hiyo simkatazi mtoto kambi. Nataka kujua tu, nimpe kivuli mapema na mapumziko marefu. Waliozaliwa Marekani hupimwa wakiwa wachanga. Waliozaliwa nyumbani wakaja wakubwa, wengi hawajapimwa.

Asubuhi ile, kabla ya basi, nilimpigia yule baba wa Tanga badala ya kumjibu kwa maandishi. Nikamwuliza mtoto anakunywa dawa gani, akajibu. Nikamwuliza lini mara ya mwisho alishinda nje, akacheka, akasema labda Pasaka. Nikamwuliza la selimundu. Akanyamaza kidogo, halafu nikamsikia anafungua mlango, anaita: "Mama Salim, hebu njoo."